Pamba Ndani ya Behewa

Jirani yangu ana treni ya kuchezea aliyoipanga mezani, na kila behewa linang'aa. Nilipomwambia kwamba niliwahi kuona behewa lililoota pamba, alicheka. Simlaumu sana, maana hata mimi sijaelewa mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba kushindana na vyama vya ushirika, na hakuna aliyejua tena mzigo upi ni wa nani. Kwenye stesheni moja ndogo upande wa Maswa liliachwa behewa la wazi lenye mabaki ya mbegu. Ushirika walisema mbegu si zao, mnunuzi binafsi naye akasema si zake. Mvua zikanyesha. Siku mimi na baba tulipofika pale kutoka kijijini kwetu Kasoli, pamba ilikuwa imefika magotini, imesongamana ndani ya chuma.

Baba hakuuliza ni ya nani. Kilichomuudhi ni kwamba miche haikuwa imepunguzwa. Akavua viatu kama afanyavyo shambani, akapanda behewani, akaanza kung'oa iliyozidi, huku stesheni masta akimtazama bila kujua kama kuna kosa.

Mara treni ya mizigo ikaja. Baba akaambiwa ashuke, behewa likaungwa nyuma, likaondoka na shamba lake, majani yakipepea kuelekea Tabora.

Baba alibaki na miche mkononi. "Huko linakokwenda, bwana," alimuuliza stesheni masta, "nani atapalilia?"

Yule bwana akasema ataulizia Tabora.