Mteremko wa Mama

Mvua imenyesha Ruangwa mchana huu, na harufu ya udongo imeingia dirishani nikiwa kwenye kompyuta, nacheza gemu la kutengeneza viwanja vya gofu. Nilikuwa nalainisha mteremko wenye nundu. Harufu ile ikanirudisha utotoni Nachingwea, nyuma ya nyumba yetu ya udongo.

Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekula ukuta wa chumba tulicholala. Basi mama akakanda udongo mwekundu, akauzungushia nje chini ya ukuta, ukiteremka kuelekea mtaroni, akaulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Ulipoanza kukauka, alifumba macho akapita juu yake peku, taratibu. Nundu ambayo mimi sikuiona, unyayo wake uliigundua, naye akainama kuisawazisha.

"Lete gololi yako," akaniambia.

Niliiweka juu ya udongo ule, kando ya ukuta, nikaiachia. Ikabingirika yenyewe mpaka mtaroni, bila kusita popote.

"Haya, sasa inyeshe."

Ikanyesha kweli, mvua ya radi, na maji yote yakafuata njia ya gololi. Tulilala pakavu.

Kwenye gemu, mpira wangu bado unakwama njiani. Nimevua viatu chini ya meza, nimefumba macho.