Oke ya mama

Leo mama yangu amenijibu "oke", nikajua nyumbani kuna msiba.

Nyinyi hamumjui mama yangu.

Hajui kujibu kwa neno moja. Ukimsalimia kwa ujumbe, anakurudishia ujumbe mrefu wa sauti: anaanza na assalamu alaykum, anauliza umeamkaje, umekula nini, anakupa habari za kijiji chetu cha Bodo kizima, kisha anamaliza na dua.

Asubuhi nilimwandikia kwamba wiki hii siji, kazi ni nyingi hotelini Galu.

Akajibu: oke.

Jamani, oke gani hiyo? Ya kukubali? Ya hasira? Au simu ameishika mtu mwingine na hajui aniambie nini? Nyinyi mngeielewaje?

Nikapiga. Hapokei. Nikapiga tena.

Nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda kutoka Galu, njia nzima nasoma Ayatul Kursi.

Nikafika. Mlangoni viatu vingi.

Nikaingia bila hodi.

Kumbe ni majirani wamekuja kusuka ukili wa mikeka. Mama yuko katikati yao, anacheka. Simu iko chumbani inachaji.

"Shikamoo mama. Mbona umenijibu oke?"

Akanitazama. Jasho linanitoka, aproni ya hoteli bado iko kiunoni.

"Marahaba mwanangu. Si ndilo neno unalonijibu wewe tangu uende Galu?"

Akauweka ukili wake chini.

"Na mimi huogopa hivyo hivyo. Lakini nikipanda bodaboda nije kukuangalia, yule askari wenu wa getini ataniruhusu kuingia?"