Wanja Kinuthia Wawili

Hakuna harusi ya maana imefanyika Ruiru hii miaka thelathini bila Wakonyo Gachau kuinama juu ya sufuria. Harusi, matanga, ruracio ya kulipa mahari, hata ile sherehe ya mtu amepata digrii ambayo hakuna mtu anajua ni ya nini, ni yeye anaitwa. Anatoka Mwihoko asubuhi na mwiko wake kwa gunia, anafunga leso, anaanza kuchambua watu kabla hajachambua mchele. Maana nyuma ya hema ndiko watu wanaonekana vile wako. Mbele mtu anaitwa mheshimiwa. Huku nyuma huyo mheshimiwa ametuma bibi yake aulize kama kuna nyama ya kubeba.

Wakonyo aliona hayo yote akanyamaza, na kunyamaza kukamchosha. Ndiyo akaenda kwa Leila, yule mwenye sayberi ya kompyuta hapo chini ya ploti anapanga nyumba, akamwambia, wewe andika, mimi niongee. Shule Wakonyo aliachia darasa la tatu, lakini mdomo hakuuacha huko. Alikuwa anaongea, Leila anapiga kompyuta, anacheka mpaka anakosea herufi. Miezi minne hivyo. Kikatoka kitabu chembamba kinaitwa Nyuma ya Sufuria. Ndani hakuna mtu ametajwa jina, lakini kila mtu yuko. Kuna yule alikuwa analia kwa kaburi ya bwanake, na mkono mmoja anaonyesha mpishi asimwekee shemeji waru mingi, vile viazi vya kujaza sahani. Kuna yule mama wa kanisa anakujanga na mkoba wa Bibilia, na ndani ya mkoba Bibilia haiko. Kuna mkebe wa mafuta ya kupikia, umeoshwa vizuri, wa kubebea nyama.

Jina lake mwenyewe alikataa kabisa. Anajua watu wa hapa. Wakisikia mpishi anaandika, hakuna mtu atamwita tena, na ule mwiko utakaa kwa gunia mpaka uote. Leila akauliza, sasa tuweke nani? Wakonyo akasema weka Wanja, lilikuwa jina la cucu wake, nyanyake. Wanja nani? Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi amejiandika ukutani, Kinuthia. Basi akakuwa Wanja Kinuthia. Mtu anatafuta jina la kujificha, anachukua jina ambalo ukiliita kwa stage ya matatu ya Ruiru wanawake kumi wanageuka. Hapo Wakonyo alikosa akili, na hakuna haja ya kumpamba.

Leila akapeleka vitabu viwili kwa laibrari moja ndogo Thika, iko juu ya duka la mbegu. Inalindwa na Boaz, mwanaume wa miaka arobaini anafunga kifungo cha shingo hata jua likiwaka. Boaz anapenda sheria vile watu wengine wanapenda chapati. Sheria yake inasema jina la nyuma linakuja mbele, na vitabu vya jina moja vinakaa pamoja mpaka mtu aonyeshe ni watu wawili. Na kwa kompyuta yake kulikuwa na Kinuthia, Wanja, tangu zamani. Huyo ni Mama Pasta wa kanisa moja ya mabati hapo Ruiru, ameandika Mke Mtulivu, kitabu cha kufundisha wanawake kunyamaza. Amenyamaza kurasa mia mbili. Boaz hakuuliza mtu. Akaweka Nyuma ya Sufuria chini ya Mke Mtulivu, kama watoto wa tumbo moja.

Wakonyo alijua hayo siku ya matanga huko Theta. Alikuwa anakaranga vitunguu, wanawake wa kanisa wamekaa kando wanamenya waru, wanacheka ile kitabu ya Sufuria mpaka machozi. Mmoja wao, Idah, ambaye ulimi wake haulalangi, akasema hajawahi kujua Mama Pasta ni mchekeshaji hivyo. Wakonyo akadhani amesikia vibaya. Halafu Mama Pasta mwenyewe akatokea nyuma ya hema, na mkoba wake wa Bibilia.

Wanasema mwanzo alikasirika kubandikwa kitabu si chake. Alitaka kumpigia Boaz amtoe hapo. Lakini akasikia Mke Mtulivu imeazimwa mara mbili tangu iingie, na ile ingine watu wanaipangia foleni, na hasira ikaisha kama moto wa karatasi. Basi hapo nyuma ya hema Idah akamuuliza yule mama wa mkebe alimtoa wapi.

"Mungu ananionyesha watu," Mama Pasta akasema, huku anasogeza mkoba karibu na sufuria.

Hakuwa ameisoma. Angekuwa ameisoma angejijua, maana mkebe ni ule ule, hata kibandiko cha kando kimetoka nusu vile Wakonyo alisema. Na Wakonyo ndiye alikuwa ameshika mwiko. Akamwekea nyama, akafunika.

Siku hiyo chakula kilipita chumvi, kitu hakijawahi kutokea. Wakonyo alikuwa anafikiria. Akisema ni mimi, jikoni imeisha. Akinyamaza, kitabu chake kinaenda nyumbani ndani ya huo mkoba pamoja na nyama. Nyama anaweza kusamehe.

Juma lililofuata akapanda ngazi ya duka la mbegu, na Nyuma ya Sufuria mkononi. Akamwambia Boaz ametumwa na mwenye kuandika, na huyo mwenye kuandika anasema yeye si Mama Pasta. Boaz akajibu kwa ule upole wa mtu anakunyima. Kutenganisha inawezekana, alete tu jina la kitambulisho, litawekwa hapo kando ya lile la uongo.

"Hataki jina lake lionekane," Wakonyo akasema.

"Cucu, sheria ni sheria. Msomaji ana haki ya kujua ni nani."

"Msomaji amekuja kusoma ama kuposa?"

Boaz akafungua kitabu chake kinene cha sheria, akapekua, akakuna kichwa. Ikapatikana njia ingine: mwaka wa kuzaliwa. Mmoja akiandikiwa mwaka, amejitenga na mwenzake, na jina lake la ndani linabaki lake. Akasema hata zamani, akiandikisha Mke Mtulivu, alimpigia Mama Pasta amuulize wake. Mama Pasta akamwambia mtumishi wa Mungu hahesabiwi miaka, akakata simu.

Hapo Wakonyo akaona mlango. Si mwaka juzi tu Mama Pasta alikatiwa keki kanisani, imeandikwa hamsini kwa sukari? Na wanawake wa rika lake wameketi viti vya mbele, wanapiga makofi, wanaangaliana.

"Andika fifty-six," Wakonyo akasema.

Hata huo mwaka si wake sana. Mamake alijua tu alimzaa wakati wa Emajensi ya mkoloni, watu wakiwa wamefungiwa kwa vijiji. Karani wa vitambulisho akamwangalia meno, akaandika. Basi huo mwaka haungemuumbua mtu, wanawake wa fifty-six wamejaa kutoka Githurai mpaka Thika. Boaz akaandika, akamgeuzia kompyuta aone. Kinuthia, Wanja, 1956, na baada ya mwaka kamstari kadogo. Akauliza hako ni ka nini. Boaz akasema hiyo ni nafasi, mwandishi akiaga wataijaza.

"Na utajuaje ameaga na humjui?"

Boaz akafungua tena kile kitabu kinene. Bado anatafuta.

Ruracio ilifuata kabla mwezi haujaisha, hapo Ruiru, watu walikula ng'ombe wakasahau wamekuja kwa sababu ya msichana. Mama Pasta alikuwa nyuma ya hema kama kawaida, amekaa kiti cha plastiki, anaeleza wanawake vile kuandika kunachosha mgongo. Idah akatoa simu.

"Mama Pasta, laibrari wameandika hapa aliyeandika Sufuria ni wa fifty-six. Sasa ile keki tulikula ilikuwa ya nani?"

Mama Pasta akaangalia ile simu vile mtu anaangalia nyoka kwa choo. Kusema kitabu ni chake ni kukubali miaka sitini na tisa mbele ya Idah, na kumwambia Idah ni kuambia Ruiru yote.

"Huyo si mimi," akasema. "Mimi nitaandikaje upuzi wa jikoni?"

Wakauliza basi ni nani. Wakageuza macho hema yote wakitafuta mwanamke wa sitini na tisa mwenye kichwa. Wakaangalia kwaya. Wakaangalia mamake chifu, akafikiriwa sana. Mwenye kukoroga hakuangaliwa na mtu hata mmoja, maana hao wanajua mpishi hajui kusoma, kuandika ndiyo usiseme.

Wakonyo akapangusa mkono kwa leso.

"Mama Pasta," akaita kwa sauti ya mtu mzuri, "leta ule mkebe nikuwekee mapema, kabla nyama haijaisha."

Macho ya Idah yakatoka kwa simu yakaenda kwa mkoba. Mama Pasta akasema leo hakubeba kitu, akausukuma mkoba kwa mguu uingie chini ya kiti, na mkebe ndani yake ukagonga mguu wa kiti, ngo.