Maziwa ya Dada

Mimi ni dereva wa lori la maziwa, na sisi madereva tuna ugonjwa mmoja: domo. Ukishinda njiani peke yako kwa muda wa saa tano, ukifika mahali unamwaga maneno yote kwa mtu wa kwanza unayekutana naye. Mtu wa kwanza ninayekutana naye mimi ni mpimaji wa kituo cha kukusanyia maziwa, na huyo sijawahi kumuweza. Miaka kumi na moja namsalimia kila asubuhi, ananijibu neno moja, anarudi kwenye kazi yake. Watu wanamwita Bwana Hapana.

Jina lenyewe alilipata kwenye foleni. Anapima kwa laktomita, mrija wa kioo wenye namba ambao unatumbukizwa kwenye maziwa. Maziwa safi yanaubeba; yaliyotiwa maji yanauacha uzame. Basi anainama, anasoma, anasema "Hapana," na ndoo inarudi na mwenyewe. Hakuna cha kubembeleza. Kuna mama mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee wangu, jana ng'ombe alikunywa maji mengi sana!" Akamjibu, "Basi mlete mwenyewe nimpime." Huo ndio mzaha pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, na hakucheka.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya kituo. Kitanda, jiko la mafuta ya taa, kiti kimoja, kikombe kimoja. Najua ni kimoja kwa sababu siku niliyomtembelea alininywesha chai mimi, nikamaliza, akakiosha, ndipo naye akanywa. Chai yenyewe ya rangi. Mtu anashinda kutwa amezungukwa na maziwa, na chumbani kwake hakuna hata tone. Nani angemletea? Nusu ya mtaa amewarudishia ndoo zao. Msibani anakaa mwisho wa benchi, na pale pembeni yake pana nafasi ya watu wawili.

Aliyekuwa naye ni dada yake tu. Mama yao alifariki siku aliyomzaa huyu mdogo. Dada mtu alikuwa ameshaolewa, ana kichanga cha miezi mitatu. Akamchukua mdogo wake, akampa ziwa la pili. Ndiyo maana mpwa wake mpaka leo anadai mjomba alimlia sehemu yake. Mimi ukinitajia maziwa nafikiria mzigo na mashimo ya barabarani. Muuza chai anafikiria unga wa kwenye kopo. Mwenye duka anafikiria pakiti zitakazoharibika umeme ukikatika. Kwa wale wawili, maziwa ndiyo yaliyofanya mmoja wao awe hai.

Dada alipofiwa na mume akahamia nyumba inayopakana na ukuta wa kituo, ili awe karibu na mdogo wake, akanunua ng'ombe. Siku ya kwanza kuleta maziwa nilikuwepo. Alikamua alfajiri, akatembea hatua thelathini, akawa wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni la kutokea na anacheka peke yake.

"Haya mdogo wangu, leo nakuhudumia tena," akasema.

Bwana Hapana akatumbukiza laktomita. Ikazama. Akaifuta, akarudia, ikazama. Foleni nzima ikasogea kumtazama, maana kila mmoja alikuwa na kinyongo chake: tuone sasa. Na yeye akatuonyesha. Wengine huwa anawarudishia ndoo zao. Ya dada yake aliibeba mwenyewe mpaka mtaroni akaimwaga, ili tujue hana upendeleo. Nilimwona mpumbavu siku ile, na sijabadili mawazo.

Dada hakupiga kelele. Alisema, "Maziwa yangu uliyanyonya kabla hujaota meno. Leo unayamwaga?" Akaokota ndoo yake. Mwezi haukwisha, akauza ng'ombe, akahamia kwa mwanawe, safari ya siku nzima kutoka hapa. Miaka sita hawakuongea.

Sasa mwezi uliopita makao makuu wakatuletea mwalimu, binti mmoja mchangamfu mwenye kipimajoto mfukoni. Akasema, "Laktomita msiisome maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Yakiwa na joto yanakuwa mepesi, mrija unazama kana kwamba yana maji. Yaacheni yapoe kwanza."

Hapa hakuna aliyewahi kulijua hilo. Bwana Hapana alifundishwa kazi na mpimaji aliyemtangulia, kwa kuangalia tu. Wala halikuwahi kutusumbua, kwa sababu wafugaji wetu wanatembea saa nzima kwenye baridi ya asubuhi, maziwa yanafika yameshapoa. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kutoka hatua thelathini. Nilimwona Bwana Hapana anaweka kalamu chini.

Darasa lilipokwisha alipasha lita moja, akapima: ikazama. Akaipoza kwenye beseni la maji baridi, akapima: ikapanda. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akaniomba akae kwenye lori langu apige simu. Alikosea namba mara mbili, kwa hiyo nilimbonyezea mimi, nikaweka sauti ya juu.

"Nani mwenzangu?" dada akauliza.

"Ni mimi, dada."

"Mimi nani?"

"Mdogo wako."

Bwana Hapana akamweleza yote mbio mbio: joto, mrija, beseni, mwalimu. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nani amekuambia sikutia maji?"

"Laktomita, dada. Nimepima mara tatu."

"Na siku ile nani alikuambia nimetia?"

Akageuza macho kuelekea mtaroni.

"Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako," dada akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ungeniuliza tu. Haya, nashukuru kwa kunipigia. Siku kipimo chako kikibadili maneno, utanijulisha."

Simu ikakatika. Nilikasirika, si kwa dada. "Wewe mzee," nikamwambia, "mpigie tena. Usimtajie laktomita. Mwambie umemkumbuka."

"Nimemkumbuka," akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Akalirudia neno hilo, na safari hii machozi yakamtoka. Akapiga. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena. Nilikuwa nimechelewa na tangi limeshajaa, ikabidi nimwombe ashuke. Akashuka, simu iko sikioni, akasimama pale uani na kunipungia mkono nipunguze mngurumo wa injini, asije akashindwa kumsikia dada akipokea.