Ini la mathe

Leo vidole vyangu vimepata ini la mtu kwa mara ya kwanza, na heri vingelikosa.

Mwalimu wetu wa uuguzi huko Thika alituambia ini la mtu mzima mwenye afya halishikiki chini ya mbavu. Hosteli nimebonyeza marafiki wote, sikugusa kitu.

Leo nikaenda home Witeithie, nikamwomba mathe nifanye mazoezi kwake. Akalala kwa kochi akicheka, eti namtekenya.

Chini ya mbavu za kulia, kitu kigumu.
Nikarudia. Bado kiko.

"Umelipata?"

Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Ngai! Msichana wangu ameiva!"

Saa hii ako jikoni ananipikia chapo, anaimba.

Wauguzi mlio kwa hii group, tafadhali niambieni nimefeli.