Swali Alilolifuta Kharat Guruji

Dagadu Kharat, ambaye kijiji kizima kilimwita Guruji, yaani mwalimu mheshimiwa, alifundisha sayansi darasa la saba kwa miaka ishirini na sita katika shule yetu, upande mkavu wa wilaya ya Satara. Mimi nilifundisha chumba cha pili, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba, kwa hiyo namjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumnunulia mtoto viatu akadai vilikuwa vimembana mpwa wake. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata hayamsitiri, wala mimi hayanisitiri.

Mwaka ule tuliletewa simu nane kwa watoto arobaini. Kila kundi la watoto watano lilitakiwa kutunga swali lake na kulituma, makundi mengine yakilijibu na kulipa nyota, moja hadi tano. Mwalimu aliona yote kwenye simu yake na aliweza kufuta lisilofaa. Guruji aliwaambia watoto kwamba jina la aliyeandika swali halionekani. Lilionekana, kwenye simu yake.

Wiki ya tatu akafundisha majira. Joto huja dunia ikilisogelea jua, alisema, na baridi ikiwa mbali. Ndivyo alivyofundisha miaka yote. Swali likaingia kutoka kwa Mukta Lokhande, binti mkimya aliyelelewa na bibi yake kwa kuwa wazazi walikwenda kukata miwa. Aliandika kwamba kitabu cha jiografia kinasema dunia hulikaribia jua zaidi mwezi wa Januari. Mbona basi Januari, katikati ya majira yetu ya baridi, tunatetemeka?

Makundi mengine yote yakalipa swali hilo nyota tano. Mimi upande wa pili nikasikia kimya, na Guruji kunyamaza ilikuwa habari. Kisha akasema mtambo umekwama, akalifuta.

"Lokhande," akasema, "ukimaliza kulisahihisha jua, njoo unisahihishe na mimi."

Darasa likacheka. Ndipo watoto walipojua kuwa majina yanaonekana.

Wakati wa chakula aliniambia kuwa jibu hakulijua. Alikuwa ameshika kipande cha bhakri, mkate wetu wa mtama, bila kukila. Nilimshauri atafute kitabuni. Akasema ukaguzi uko mlangoni, atatafuta saa ngapi. Nami nikamwacha.

Ofisa elimu alikuwa anakuja Jumatatu kuona watoto wakiuliza. Ukaguzi sisi tuliujua: mawe ya njia yanapakwa chokaa, wasichana wanachora maua ya unga wa rangi mlangoni, na kila mtoto anajua atakachosema. Hatukufikiri mara mbili.

"Bai, wewe una mwandiko," Guruji akaniambia, akiniita kama waitwavyo walimu wote wa kike kwetu. "Niandikie maswali manane, wayakariri."

Nikamwandikia maswali manane, moja kwa kila kundi. Nikikumbuka nilivyojisifia lile la mimea, natamani ardhi inimeze.

Jumatatu ofisa alisoma maswali kwenye simu, akafurahi sana. Lile la mimea lilikuwa limetumwa na kundi la Mukta, kwa jina lake. Akamwinamia, akamuuliza amelipataje swali zuri namna hii.

Mukta alimtazama Guruji kwanza.

"Nililiwaza mwenyewe, bwana," akasema. "Guruji hutuambia tuulize lolote."

Tulikuwa tumeandaa shali na nazi za kumheshimu mgeni, kama ada. Ofisa akalichukua lile shali, akasema anayestahili yuko hapa, akamvisha Guruji mabegani mbele ya watoto arobaini waliojua kila kitu. Watoto wakapiga makofi kama tulivyowafundisha. Guruji aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Nami nilipiga makofi.

Asubuhi iliyofuata alinigongea ukuta, akaniomba niende nikasikilize. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliandika swali la Mukta ubaoni, lote, neno kwa neno.

"Nimewafundisha uongo kuhusu majira," akawaambia watoto. "Dunia imeinama, ndiyo sababu, umbali si kitu. Jana usiku ndiyo nimesoma. Swali hili lilikuwa zuri, nikalifuta kwa sababu lilinishinda. Halafu nikamwacha mtoto adanganye kwa ajili yangu. Nisameheni."

Sikuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo katika shule ile. Nilisema kwamba maswali ya ukaguzi niliyaandika mimi, na sauti yangu haikufika hata dawati la tatu.

Guruji akaomba mwenye swali asimame alisome mwenyewe, darasa lianzie hapo. Vichwa vyote vikamgeukia Mukta. Akasimama, mikono ameikunja kifuani, adabu tuliyowafundisha tangu darasa la kwanza.

"Si langu, Guruji."

"Mukta, mwanangu, najua ni lako. Sikukaripii. Uliza."

"Mimi sina swali, Guruji," akasema, akakaa.