Ndugu Yangu na Kiti cha Chakula

Ndugu yangu mdogo walimchukua saa ya kula, vidole vyake bado vina sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Naanza hapo ili wewe unayesoma usikae ukingoja mwisho mzuri. Mimi nilisoma kidogo tu kwa ma-frères, watawa wa misheni, papa akafa, nikaingia kazi ya kutengeneza kinga, ninyi mnasema baiskeli, na tangu hapo mimi na kalamu tunasalimiana kwa mbali. Donc maneno yangu yakiruka huku na huku, uyafuate tu polepole. Hayaendi mbali.

Sisi ni Waislamu wa Kisangani ya zamani. Babu wa babu alikuja na wafanyabiashara wa pembe kutoka Maniema, akaoa hapa, akapanda mpunga, akabaki. Nyumba yetu iko Kabondo, na kibanda changu cha kinga kilikuwa mbele yake, kando ya barabara. Wakati ule mji bado ulikuwa na jina la Mzungu. Uhuru ulikuwa umefika, watu walikuwa wamecheza, lakini kibao cha njiani kilikuwa kilekile.

Halafu wakafungua chuo kikuu hapahapa kwetu. Zamani mtoto mweusi aliyetaka masomo makubwa alipanda mashua siku nyingi kwenda upande mwingine wa nchi. Sasa mimi nilimpeleka ndugu yangu chuoni nyuma ya kinga, sanduku lake juu ya magoti, na watu wa mtaa wakatoka kuangalia kama tunapita na bibi-arusi. Alilala huko kwenye internat, bweni la chuo, Jumapili anarudi kwa mama kufuliwa nguo. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na tabia moja ya kunichosha: ukimwambia jambo haliwezekani, hakubishi, anaendelea tu kulifanya.

Jumapili moja akaniambia anataka kusimama uchaguzi. Wanafunzi walikuwa na chama chao, na chama kilikuwa na viti vyake: prezida, sekretere, na mtu mmoja wa chakula. Huyu wa chakula ndiye anayesimama kati ya wanafunzi na mkubwa wa jikoni. Maharagwe yakiwa na wadudu, yeye ndiye wanamkimbilia. Nilicheka mpaka nikaangusha spana.

"Umesoma Kifaransa chote ile uende kuchunga sufuria?"

"Yaya, prezida anasema tu. Mutu wa chakula anafanya." Yaya ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa.

"Na anafanya nini?"

"Wako na njaa, yaya. Mutu wa njaa hasomi."

Tatizo lilikuwa mpinzani wake. Alikuwa kijana wa miwani kutoka mbali, mtoto wa mkubwa fulani wa posta. Huyu baada ya kula jioni alipanda juu ya benchi, akatoa Kifaransa kinachopanda na kushuka kama ngazi, na wenzake wakapiga meza kwa furaha. Ndugu yangu akipanda benchi anasahau hata jina lake. Akarudi nyumbani uso umeanguka. Mama alikuwa anapepeta mchele uani.

"Siwezi kusema kama yeye, mama."

"Nani alikuambia useme?"

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mtu mwenye haja haombi kwa mdomo. Anapika, anaita watu, wanakula, wananawa, wanakwenda. Haja haitajwi. Ukiitaja wakati watu wanakula, umekitukana chakula. Hivyo ndivyo tulivyoomba wachumba, hivyo ndivyo papa alivyoomba shamba. Walioalikwa wanajua, na wewe unajua kwamba wanajua. Na mtu akishakula kwenye mkeka wako mara moja, siku nyingine anakuja bila kuitwa, na huwezi kumuuliza amefuata nini.

"Watasema ni rushwa," ndugu yangu akasema.

"Rushwa wanakula nyuma ya mulango," mama akajibu. "Huku kwetu mulango iko wazi. Lete watu yako."

Basi kila Ijumaa baada ya swala wakaja, kikundi kwa kikundi. Watoto wa Kasai, wa Équateur, wa kule Bas-Congo, karibu wote Wakristo, na wengi hawajawahi kukaa chini kwenye mkeka. Mama alipika mchele na samaki, sombe, na lituma, ndizi zilizotwangwa mpaka zinang'aa. Mmoja aliuliza kama kuna uma. Mama akamwambia, "Mukono ulizaliwa nayo, uma hapana. Kula." Mchele nilikuwa nauleta mimi kwa kinga kutoka Bengamisa, kwenye shamba la tonton wetu, ndugu ya papa. Ile barabara ilikuwa mchanga, halafu mawe, halafu tope, na goti langu la kushoto linaikumbuka kuliko mimi. Lakini goti si habari ya leo.

Ndugu yangu alimwita hata mpinzani. Hakuwa na ujanja wowote katika hilo. Kumwacha nje mtu mmoja katika watu unaoishi nao ni aibu kwetu. Yule kijana akaja, mvuke wa mchele ukafunika miwani yake, akala kama mtu aliyetoka shamba. Aliposhiba akasema, "Bon, mon cher, unataka kutawala sufuria, tawala. Lakini sauti yangu, kura yangu, hauipate."

Mama akamwangalia. "Nani amekuomba sauti? Ongeza samaki."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akaongeza samaki.

Siku ya kura nilimngoja nje ya ukumbi wao wa kulia, kinga imelala, natia mafuta kwenye mnyororo ili nisionekane kama nasubiri. Nikasikia kelele ndani, halafu wakamtoa juu ya mabega. Walipomweka chini alikuja kwangu hana hata tabasamu. "Yaya, nimepata. Kesho asubuhi naenda kwa mukubwa wa jikoni." Na kweli alikwenda. Kabla ya likizo kubwa samaki walikuwa wameingia kwenye sahani zao na wadudu wametoka kwenye maharagwe. Mama alijisifu sokoni mpaka wauza chumvi wakamchoka.

Halafu waasi wakaingia mjini.

Walikuja kwa barabara wakiimba, majani na ngozi kichwani, wamerushiwa maji ya dawa ambayo waliamini yanageuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali waliona, wakatupa bunduki, wakavua viatu, wakakimbia. Mwanzoni watu wengi walipiga makofi, na mimi pia, maana uhuru tuliopewa ulikuwa haujatuletea kitu ila bei. Lakini waasi walikuwa na hasira yao, na haikukawia kutafuta mahali pa kutua. Ikatua juu ya makarani, walimu, kila aliyevaa tai, kila aliyejua Kifaransa. Walisema hao ndio waliokula uhuru peke yao. Waliwaita watu wa bic, yaani wa kalamu. Kule mjini, Makiso ya leo, waliwaua mchana mbele ya watu, na watu wakaamriwa kushangilia. Nilikwenda mara moja. Niliyoyaona yatabaki na mimi.

Wanafunzi wengi walikuwa wamekwenda kwao likizo. Waliobaki ni wale wa mbali ambao mashua zilisimama kabla hawajasafiri. Mpishi alikimbia, jiko likafungwa, wakakaa huko internat wakichemsha mihogo ya kuokota. Ndugu yangu alikuwa kwetu nyumbani, kijana wa mtaa kama wengine, na angeweza kwenda. Tonton alituma neno kwa mfanyabiashara mmoja: mleteni, shambani kuna kibanda, huku hakuna mtu anayemjua. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha kinga, nimejaza upepo magurudumu yote, nimefunga mto nyuma ili akae vizuri.

"Panda," nikamwambia.

"Na wale?"

"Wale wako na wakubwa wao."

"Wa chakula ni mimi, yaya."

"Kiti ilikuwa ya chuo. Chuo imefungwa."

"Tumbo haifungwe."

Nilimtukana sana siku ile. Mama naye alimwambia aende, lakini hakuweza kumsukuma, maana kabla hatujamaliza kubishana wawili katika wale wanafunzi walikuwa wamesimama mlangoni, midomo mikavu, wanauliza hali yetu. Walikuwa wameshakula kwetu. Hawakuhitaji kuitwa. Mama akaingia jikoni.

Wakaendelea kuja. Kwanza mmoja mmoja kwa kujificha, halafu kwa pamoja, saa ya mchana, maana waliona hakuna aliyewagusa. Sisi wenyewe tulijipa moyo kwamba nyumba yetu inajulikana, babu zetu wako hapa, hakuna atakayetufanyia kitu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeona jambo lililokuwa mbele ya macho yetu kila siku. Kwetu mgeni anavua viatu mlangoni. Ni heshima, mkeka ni wa kula na wa kuswali. Basi kila mchana, pale uani, ukipita barabarani unaona safu ya viatu vya ngozi, vyeusi, vya kamba, vimepangwa vizuri. Katika mtaa ambapo mtu mzima alivaa sandali za mpira au miguu mitupu. Tungewaambia tu waingie navyo, wachafue mkeka, yangekwisha. Lakini mambo hayo tulizaliwa nayo, na uliyozaliwa nayo huyaoni.

Aliyeona ni kijana wa mtaa aliyejiunga na jeunesse, wale vijana waliotumwa na waasi kupeleleza nyumba. Nilimtengenezea breki zake mara nyingi. Alisimama mbele ya kibanda changu na wenzake, na mkubwa wao, mwenye ngozi ya mnyama kichwani na mkuki mkononi, akaunyoosha kuelekea uani.

"Papa fundi, siku hizi unauza viatu?"

Wakanipita, wakaingia.

Mama alikuwa anagawa sombe. Aliwaona, akasema neno lilelile analomwambia kila mtu: "Karibu mukule."

"Tukule na batu ya bic?" yule mwenye ngozi akasema. "Mukubwa yenu ni nani?"

Kijana wa miwani alikuwa pale. Miwani alishaivua, ameikalia. Yeye ndiye alisimama, na safari hii sauti yake haikupanda wala kushuka. "Hatuna mukubwa, papa. Tumekuja kuomba chakula kwa mama huyu tu."

"Muzuri. Kama hakuna mukubwa, wote wanakwenda."

Hapo ndugu yangu akasema, "Ni mimi. Walinichagua."

"Walikuchagua kuwa nani?"

"Mutu wa chakula."

Wakacheka. Walicheka kweli, mpaka yule kijana wa mtaa akashika tumbo. "Bon," mkubwa wao akasema, "hata sisi tuko na njaa. Kuja utupikie, mutu wa chakula." Mama akaomba ndugu yangu anawe mikono kwanza. Hawakumruhusu. Wakamtoa, na wale jeunesse wakakusanya viatu vyote vya uani, wakavifunga kamba na kuvitundika shingoni mwao. Wale wengine wakaachwa. Walitoka kwetu miguu mitupu, kila mmoja njia yake.

Kijana wa miwani hakuwa na njia. Nilimpeleka Bengamisa asubuhi iliyofuata, kwenye ule mto niliomfungia ndugu yangu. Njiani nilimchukia kila kilomita, na nilimshika mkono kwenye kila tope asianguke.

Niliporudi nilikuta ni kweli: ndugu yangu anapika kambini kwa waasi. Mwanamke muuza chumvi alimwona amevua shati, anakoroga sufuria kubwa. Basi tukapata tumaini. Mtu anayewapikia hawatamuua, mama alisema, nani atawapikia? Kila asubuhi nilipita mbele ya kambi kwa kinga, polepole, kama mtu mwenye gurudumu bovu, na nikiona moshi narudi namwambia mama, moshi upo.

Lakini ile dawa yao ilikuwa na miiko, na mingi ilihusu chakula: nani apike, nani aguse, kitu gani kisiliwe kabla ya vita. Vita vilianza kuwageukia. Walikwenda wengi wakiimba, wakarudi wachache wakibeba wenzao. Kama dawa haivunjwi na risasi, basi imevunjwa jikoni. Hivyo ndivyo walivyofikiri. Mtu mmoja aliyekuwa amefungwa naye pale alitueleza baadaye. Walimtoa ndugu yangu sufuria ikiwa bado motoni, wakamwuliza ameweka nini ndani. Akasema chumvi. Wakamuua palepale nyuma ya jiko, halafu wakampeleka mtoni. Hatukupata wa kuzika. Siku ile nilikuwa nimeshapita asubuhi, na nilimwambia mama moshi upo.

Ndege zikaja, askari wazungu wakaruka kwa miavuli, waasi wakarudi porini, na wengine wengi wakafa ambao sitawataja hapa. Wakubwa wa chuo waliamua kukihamishia kule mji mkuu. Kabla ya kupanda ndege, kijana wa miwani alikuja kutuaga. Tonton alikuwa amempa sandali. Alikaa chini bila kuambiwa.

"Mama," akasema, "kule wanafunzi wanaunda chama tena. Wanataka nichukue kile kiti cha chakula. Nikubali?"

Mama alikuwa ameshaanza kuzeeka miezi ile. Alifikiri, akasema, "Kubali, mutoto wangu. Lakini usiwaite kwako."

Alikwenda. Sikuwahi kusikia habari yake tena, wala sikuitafuta.